Misumari Hewa

Mke wa fundi alijua mume wake yuko wapi kwa kuangalia ndala. Zikiwa mlangoni, yuko ndani. Zikiwa chini ya ngazi ya mtu, yuko juu ya paa la mtu huyo. Alikuwa ameezeka nyumba za watu kwa miaka ishirini, na siku zote alipanda miguu mitupu. Alisema nyayo zinasikia mbao kabla macho hayajaona kitu. Watu walimwita Paka.

Mke wake alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani, penye mwanga. Walikuwa na watoto watatu, vyumba viwili na paa lisilovuja hata tone. Jambo hilo la paa Paka alimweleza kila mgeni, hata mgeni aliyekuja kupimwa gauni.

"Na lile la mama mkwe," aliongeza, "niliezeka kwa siku mbili. Siku mbili tu, peke yangu."

"Tumeshasikia," mke wake alijibu, pini zikiwa mdomoni.

Kisha kazi zikapungua. Watu waliendelea kujenga, lakini mabati ya siku hizi yalikuja na mafundi wake kutoka dukani. Paka akawa anakaa barazani siku tatu au nne kwa wiki. Alimtazama mke wake akishona, akamshauri.

"Hapo umekwenda kombo."

"Huo ni mkunjo. Nimeuweka kwa makusudi. Tafuta kazi."

Kazi aliileta kaka wa mke wake. Shemeji huyu alikuwa fundi umeme mwenye mwili mkubwa na mdomo usiochoka. Alifanya kazi na kikosi kinachofunga paneli za sola.

"Tunataka mtu wa paa," alisema. "Umeme tunaujua. Paa hatulijui. Juzi nimetembea juu ya bati kwa magoti, kama mtoto anayejifunza kutambaa."

"Kwa tumbo hilo, bora magoti," Paka alisema.

"Tumbo hili halijawahi kula kwako likashiba, shemeji."

"Mkitaka kugombana, gombaneni njiani," mke alisema. "Baba, utakwenda?"

Paka aliangalia mkunjo wa gauni. Halafu akaangalia barabara.

"Nitakwenda," alisema.

Mkuu wa kikosi alikuwa mwanamke mfupi aliyesomea ufundi chuoni. Alibeba daftari kila mahali. Siku ya kwanza alikuta ndala chini ya ngazi.

"Hizi ni za nani?"

"Zangu," Paka alisema. Alikuwa ameshapanda hatua tatu.

"Shuka. Chukua viatu hivi. Vina soli ya mpira, havitelezi. Bati la saa saba mchana linaunguza, na huko juu kuna vipande vya chuma."

Paka akavaa viatu. Mkuu akampa mkanda. Ulikuwa wa kuvaa mwili mzima, unapita mabegani na mapajani, na nyuma una pete ya kufungia kamba.

"Huu sijawahi kuvaa," Paka alisema. "Wananiita Paka. Paka hafungwi kamba juu ya paa."

"Paka ana miguu minne. Wewe nionyeshe miwili iliyobaki, nikuache."

Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. Paka akavaa mkanda. Mkuu akamwonyesha jinsi ya kuifunga kamba. Inapita juu ya kilele cha paa, inashuka upande wa pili, inafungwa kwenye nguzo imara au mti wenye nguvu. Haifungwi kwenye reli za paneli hata mara moja, kwa sababu reli zimefungwa kubeba paneli. Hazikufungwa kubeba mtu anayeanguka.

"Sasa sikiliza," mkuu alisema. "Kazi yetu haianzi juu. Inaanza chini ya bati. Mtu mmoja anaingia darini na tochi. Anaangalia kenchi, zile pembetatu za mbao zinazobeba paa. Anaangalia papi, zile mbao zinazolala juu ya kenchi na kushika bati. Anatafuta mchwa, uozo na nyufa. Mpaka aseme ameona, hakuna anayepanda."

"Yote hayo kwa vioo hivi?"

"Paneli moja ina uzito wa mtoto wa darasa la kwanza. Tukifunga kumi na mbili, tumewakalisha watoto kumi na wawili juu ya paa la mtu, na hawashuki kwa miaka ishirini. Upepo ukija, wote wanataka kuruka."

Hilo Paka alilielewa.

Mkuu akaendelea. Paneli haikanyagwi, hata pembeni. Kioo chake kinaweza kuonekana kizima, lakini ndani kimepata nyufa ndogo na umeme umepungua. Tena paneli haina swichi. Mwanga ukiigusa tu, ina umeme. Ncha za waya zake hazishikwi na mtu wa paa. Anazishika fundi umeme peke yake.

"Na skrubu zinapita wapi?" mkuu aliuliza.

"Kwenye mgongo wa bati," Paka alisema bila kungoja. "Bondeni maji yanapita, utavujisha nyumba. Chini ya kichwa cha skrubu unaweka mpira, na skrubu lazima ishike mbao."

"Hilo unalijua."

"Hilo nalijua kuliko wewe."

"Vizuri," mkuu alisema, na akaandika kitu kwenye daftari.

Paka naye alikuwa na la kuwafundisha. Mafundi umeme walitembea juu ya bati kwa woga, na palepale walipoogopa ndipo walipobonyeza bati. Aliwaonyesha mistari ya misumari.

"Kanyaga penye misumari," aliwaambia. "Msumari umeingia kwenye mbao, kwa hiyo chini ya mguu wako kuna mbao. Kati ya mstari na mstari ni bati tupu. Fuata misumari kama unavyofuata njia."

Shemeji alijaribu. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tano. Akasimama wima juu ya paa kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Angalieni," alisema. "Tumbo na mimi, wote tumesimama."

Miezi mitatu ilipita hivyo. Paka alitoka asubuhi na kurudi jua halijazama. Mke wake alishona mikunjo yake bila kushauriwa.

Mwezi wa nne kikosi kilipata kazi kwenye zahanati. Umeme wa pale ulikatika mara kwa mara. Friji ya chanjo ilipata joto, na wakunga walizalisha kwa tochi za simu. Sasa paneli kumi na mbili zingefungwa juu ya wodi ya wazazi.

Paka alipofika getini alisimama. Paa lile alilijua. Aliliezeka mwenyewe, miaka kumi na moja iliyopita.

Ndani, mlango wa dari ulikuwa umepigiliwa misumari na kupakwa rangi. Muuguzi mkuu alisimama chini yake, mikono kiunoni.

"Humo hamwingii," alisema. "Nina watoto wanne, wengine wa jana, wengine wa leo. Sitaki vumbi la popo liwaangukie."

"Lazima tuzione mbao," mkuu wa kikosi alisema.

"Mwulizeni aliyeziweka."

"Aliyeziweka ni mimi," Paka alisema.

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Mkuu akamgeukia.

"Hili ni paa lako?"

"Ni langu."

"Papi zimeachana umbali gani?"

"Kama mita moja. Ukifuata misumari, utaziona."

"Zote?"

Paka aliangalia dari. Lilikuwa jeupe na safi.

"Zote," alisema.

Mkuu akaandika. Kabla ya siku hiyo, Paka hakuwahi kumwona akiandika kwenye daftari lile kitu ambacho kikosi hakijakiona kwa macho.

Lakini papi hazikuwepo zote. Mwaka ule mbao zilipungua, na mkaguzi alikuwa anakuja kesho yake. Mkaguzi huyo hakupanda ngazi. Alisimama uani, akahesabu mistari ya misumari kwa kidole. Mistari ikitimia na kunyooka, alitia sahihi akaondoka. Mafundi wa mabati walimjua. Mbao zikipungua, walipiga mstari mzima wa misumari juu ya bati tupu. Walipaka gundi ya paa kuzunguka kila kichwa ili maji yasipite. Wenyewe waliiita misumari hewa. Hakuna aliyeiona kuwa wizi. Waliiona kama namna ya kumaliza kazi.

Juu ya wodi ya wazazi Paka alipiga misumari hewa kwenye mstari wa tatu kutoka kileleni, toka ukuta hadi ukuta. Ukitazama kutoka chini, ulikuwa mstari ulionyooka kuliko yote.

Siku hiyo waliingiza betri za sola kwenye chumba kidogo na kupitisha waya ukutani. Kazi ya paa ilipangwa kesho. Paka alifika nyumbani saa kumi. Alikaa barazani. Mke wake alikuwa anafumua pindo.

"Umefukuzwa?" aliuliza.

"Hapana."

"Umeanguka?"

"Hapana."

"Basi sema. Nina gauni la harusi hapa, sina muda wa kubahatisha."

Paka akasema. Alieleza yote, kuhusu mbao, mkaguzi na mstari wa tatu. Mke wake hakuacha kufumua.

"Ni mstari mmoja tu," Paka alimalizia. "Umesimama miaka kumi na moja. Kesho nitawaambia wasogeze reli kidogo."

"Utawapa sababu gani?"

"Nitaitafuta."

"Na watu je? Wewe umewafundisha wakanyage wapi?"

Paka aliokota kipande cha uzi sakafuni.

"Nimekuuliza."

"Penye misumari."

"Nani anapanda wa kwanza kesho?"

"Kaka yako."

Mke akaweka gauni chini. "Na chini ya mstari huo kuna nini?"

"Vitanda."

"Nilimzaa mtoto wetu wa mwisho kwenye wodi hiyo. Ulikuja kuniona. Ulisimama katikati ya vitanda, ukainua kichwa, ukasifu."

"Nilikuwa namsifu mtoto."

"Mtoto alikuwa kwangu. Wewe ulikuwa unaangalia juu."

Paka alisugua viganja vyake. Vilikuwa na makovu ya bati, mengine meupe ya zamani.

"Wakijua, nimekwisha," alisema. "Sola sipati, na bati sipati. Nani atamwita fundi wa misumari hewa?"

"Huenda hakuna," mke alisema. Hakujaribu kulilainisha. "Utarudi kukaa hapa barazani unisahihishe mikunjo. Nitavumilia. Kumzika kaka yangu kwa sababu ya msumari, hilo sitavumilia."

Akachukua gauni, akaendelea kufumua.

Asubuhi Paka alitoka mapema kuliko siku zote. Alitaka kumkuta mkuu peke yake, amwambie polepole, pembeni. Alijipangia maneno njia nzima.

Alipoingia getini, mkuu hakuwa uani. Alikuwa stoo na muuguzi mkuu, wanaangalia friji. Shemeji alikuwa ameshapanda. Alitaka kupima nafasi za reli kabla jua halijawa kali. Kamba yake ilikuwa imefungwa vizuri, imepita kileleni mpaka nguzo ya baraza la nyuma. Viatu vyake vilikuwa sahihi. Alikuwa anapanda wima, bila magoti, mstari baada ya mstari, na kila hatua aliitafuta misumari kwanza.

Alikuwa kwenye mstari wa nne.

Chini, kwenye benchi, wanawake sita walikuwa wamekaa na watoto wao wakisubiri kliniki. Wote walikuwa wanamtazama yule mtu mkubwa juu ya paa.

"Shemeji, simama hapo," Paka alisema kwa sauti.

"Nimesimama. Unaona ninavyosimama?"

"Usiende mstari wa juu yako."

"Una misumari."

"Najua una misumari. Usiukanyage."

"Si wewe uliyesema tufuate misumari?"

Benchi zima likamgeukia Paka. Maneno ya kusemea pembeni hayakuwa na pembeni tena.

"Huo chini yake hakuna mbao," alisema.

Shemeji aliangalia mguu wake wa kulia. Ulikuwa umeshafika mstari wa tatu. Bati lilikuwa limebonyea chini ya kiatu, kama godoro.

"Mguu mmoja umeshaingia," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake.

"Usiukaze. Egemea kamba nyuma. Uzito wako wote mpe kamba. Sasa urudishe mguu ulikotoka."

Kamba ilikaza. Mguu ukarudi. Bati likainuka kwa mlio mkubwa, na ndani ya wodi mtoto akaanza kulia.

Mkuu wa kikosi alikuwa ametoka stoo. Alisimama nyuma ya Paka.

"Umejuaje hakuna mbao?"

"Misumari hiyo niliipiga mimi."

"Jana uliniambia papi zipo zote."

"Jana nilikudanganya."

Mkuu hakupandisha sauti. Alimwambia shemeji ashuke. Alifungua daftari, akakata kwa kalamu alichoandika jana. Halafu akasema, kama anajisemea mwenyewe:

"Na mimi niliandika kitu cha kuambiwa."

Shemeji alishuka, akaenda kukaa kwenye benchi. Mama mmoja alisogeza kikapu kumpa nafasi.

"Nilikuwa nakufuata wewe," shemeji alimwambia Paka. "Miezi mitatu, nikikanyaga unaposema."

Paka alishika ngazi, ingawa hakukuwa na mtu juu yake.

Muuguzi mkuu alipoelezwa, aliwahamisha wazazi na watoto kwenye chumba cha pili. Kazi hiyo haikufika hata nusu saa.

"Mngeniambia jana kwamba paa lina wasiwasi, ningewahamisha jana," alisema. "Mliniambia mnataka kuona mbao. Mbao za nini, sikujua."

Walizungusha karatasi ya nailoni chini ya mlango wa dari, wakaining'iniza pande zote mpaka sakafuni. Wakanyunyiza maji kidogo ili vumbi lisipae. Wakaung'oa mlango. Mkuu alipanda na tochi, kisha akamwita Paka.

Darini palikuwa na joto na harufu ya popo. Mwanga wa tochi ulifuata papi ya pili kutoka kileleni, ikiwa nzima. Kisha ukapita kwenye nafasi pana. Ncha za misumari zilining'inia juu ya nafasi hiyo, moja baada ya nyingine, kama meno ya kitana. Nyingi zilikuwa na kutu. Mbili zilikuwa zimeacha doa la maji upande wa juu wa ubao wa dari, palipo na kitanda cha dirishani chini yake.

"Reli ya kati ingepita hapa," mkuu alisema. "Tungeifunga kwenye hewa. Upepo wa kwanza wenye nguvu ungechukua paneli, na paneli zingechukua bati."

"Ndiyo."

"Mafundi wengine wanafanya hivi?"

"Wengi. Mkaguzi anahesabu kutoka chini."

"Sisi tutahesabu kutoka ndani," mkuu alisema, na akashuka.

Hukumu aliitoa uani. Paka angeweka papi mpya kwa mikono yake. Baada ya hapo, kwa wiki mbili, asingepanda paa lolote la kikosi. Angekuwa chini, akishika ngazi na kubeba paneli.

"Na baada ya wiki mbili?" Paka aliuliza. Alikuwa ameshaanza kuvua mkanda, kwa kuwa alitegemea jibu lingine.

"Baada ya hapo, wa kuingia darini ni wewe. Kila nyumba, kabla ya mtu yeyote. Mimi nikiingia natafuta mchwa. Wewe unajua mafundi wanaficha wapi. Lakini neno lako peke yake silipokei tena. Utapiga picha kila papi uniletee. Hilo litakaa hivyo mpaka nitakaposema basi."

"Sawa."

"Usiniambie sawa haraka hivyo. Misumari hewa mingine iko wapi?"

Paka alihesabu kwa vidole. Stoo ya muuza nafaka, ule upande wa barabara. Nyumba ya mwalimu mstaafu, juu ya jiko. Akashika kidole cha tatu, akakaa nacho.

"Na?" mkuu aliuliza.

"Na nyumba ya mama mkwe."

Shemeji alikuwa anakunja kamba. Akaacha.

"Nyumba ya mama yangu?"

"Ndiyo."

"Ile ya siku mbili?"

"Sasa unajua kwa nini zilikuwa mbili."

Shemeji akaendelea kukunja kamba, taratibu, kitanzi juu ya kitanzi.

"Kwa mama utajieleza mwenyewe," alisema. "Mimi nitakuwa nje, nashika ngazi. Nataka nisikie kila neno."

Papi mpya ziliwekwa, zikiwa zimepakwa dawa ya mchwa. Paka aling'oa misumari hewa yote, akaihesabu, akaitia kwenye kopo. Kwenye kila tundu aliweka skrubu yenye mpira, na kila skrubu ilishika mbao. Mkuu alizikagua moja moja kutoka ndani. Siku iliyofuata paneli zilipanda, na Paka alizipokeza kutoka chini, kichwa kikiwa kimeinama. Shemeji aliunganisha waya. Jioni friji ya chanjo ilikuwa inanguruma vizuri, na wakunga walikuwa na taa mbili juu ya kitanda cha kuzalia. Muuguzi mkuu aliizima na kuiwasha moja ya taa hizo mara tatu, ili ahakikishe.

Jumamosi Paka alikwenda kwa mama mkwe na tochi mkononi. Shemeji alibeba ngazi nyuma yake, akabaki nayo dirishani kama alivyoahidi. Mama mkwe alikuwa sebuleni anachambua mchele. Paka alimwamkia kwa heshima, akabaki amesimama.

"Mkwe, leo umekuja bila mke wako," mama alisema. "Kuna msiba?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuangalia dari."

"Dari limekukosea nini?"

"Mimi ndiye niliyelikosea."

Akaeleza. Alieleza macho yakiwa sakafuni, kama mtu anavyosema na mama wa mke wake. Mbao zilipungua, na yeye alitaka sifa ya kumaliza haraka. Kuna mstari mmoja hauna kitu chini yake. Mama aliendelea kutoa vijiwe kwenye mchele na kuvitupa mlangoni.

"Ni juu ya chumba changu?" aliuliza. "Upande wa dirisha?"

Paka akainua macho. "Umejuaje, mama?"

"Upepo ukija, pale panagonga. Kitanda nilikihamisha zamani."

"Lini?"

"Mwaka uleule. Mwezi wa pili baada ya wewe kushuka."

Paka alihesabu kimya. Ilikuwa miaka kumi na mitano.

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa unalisifu sana," mama alisema. "Kila ukija unalisifu. Ningeanzia wapi?"

Nje ya dirisha ngazi ilitikisika. Shemeji alikuwa anacheka kimyakimya, na ngazi ilikuwa mikononi mwake.

Paka alivaa viatu vya soli ya mpira. Akaingia darini kwanza, akaangalia kila papi, akapiga picha. Akaweka zilizopungua. Akafunga kamba kwenye nguzo, akavaa mkanda, ndipo akapanda juu kung'oa misumari. Mke wake alipita na chakula cha mchana. Aliona viatu havipo chini ya ngazi, akaona kamba imekaza juu ya kilele. Hakuuliza mtu yuko wapi.

Mara hii kazi ilichukua siku nne.

Siku ya nne wanaume wawili walibeba kitanda kutoka pembeni ya mlango, wakakirudisha dirishani. Shemeji alisema kitanda ni kizito kwa sababu Paka hakinyanyui. Paka alisema hakinyanyuki kwa sababu kuna tumbo limekiegemea. Mama mkwe aliwaambia wote wawili watoke chumbani kwake.

Wiki iliyofuata upepo ulivuma tangu alfajiri. Ulibeba ndoo uani, ukaangusha uzio wa jirani. Mchana mke wa fundi alikwenda kumjulia hali mama yake. Alimkuta amejilaza kitandani, karibu na dirisha, ana usingizi machoni.

"Upepo umekusumbua, mama?"

Mama yake aligeuka upande wa pili, akavuta shuka.

"Upepo gani?" aliuliza.